Hapa Wapi? Mwongozo kwa Msimamizi Mwenye Macho na Mwanafunzi Mwenye Masikio

Mheshimiwa msimamizi wa tasnifu, naanza na wewe kwa sababu wewe ndiye unayelipwa. Mwanafunzi wako haoni. Alikutumia sura ya pili, nawe umeisoma usiku huku ukinywa chai, umeandika maoni pembeni na kumrudishia asubuhi. Sasa anaifungua. Kompyuta yake ina programu ya kusoma skrini, ile inayogeuza maandishi kuwa sauti, na sauti inamsomea maoni yako ya kwanza: "Hapa?" Ya pili: "Hapa pia." Ya tatu ni alama tatu za kuuliza zilizoongozana, na kwa kuwa programu hizi mara nyingi zimepangwa zisitamke kila alama ya uandishi, sauti inapita kimya. Mwanafunzi anasikia jina lako, anasikia tarehe, kisha hasikii kitu. Profesa mzima, na hana la kusema!

Nakuchokoza makusudi, maana jambo lenyewe ni zito. Kipengele cha maoni kilichomo katika programu za kuandikia kama Microsoft Word ni chombo bora kabisa kwa mwanafunzi huyu. Maoni yaliyowekwa humo yamefungwa kwenye maneno yanayoyahusu. Mwanafunzi akifika kwenye maneno hayo, programu inaweza kumtangazia kuwa pana maoni, ikamwambia nani kayaandika na kumsomea yote. Hahitaji mtu wa kumshika mkono. Anaweza kuyapitia moja baada ya jingine usiku wa manane, umeme umekatika, akitumia betri ya kompyuta na skrini ikiwa giza totoro. Hakuna njia nyingine ya kusahihisha kazi inayompa uhuru kama huu, na uhuru huo unategemea vidole vyako wewe.

Kwa hiyo kwanza weka chini kalamu nyekundu. Najua unaipenda. Unachapisha sura nzima, unaichora mishale, unaandika ukingoni kwa mwandiko ambao hata katibu wa idara ameshaukatia tamaa, kisha unapiga picha kwa simu na kumtumia mwanafunzi kwa WhatsApp, ukurasa wa 31 ukitangulia ukurasa wa 6. Kwa programu ya kusoma skrini, picha ni picha. Ipo njia ya kuiomba itambue maandishi yaliyopigwa chapa ndani ya picha, na mara nyingi inafanikiwa vizuri, lakini mwandiko wa daktari wa falsafa aliyeandika akiwa kwenye daladala hautambuliki. Mwanafunzi atamtafuta mwenzake mwenye macho amsomee. Mwenzake naye ana tasnifu yake, kwa hiyo atamsomea haraka, kantini, kwa sauti ya kushinda kelele za sahani. Maneno uliyomwandikia mwanafunzi mmoja kuhusu udhaifu wa hoja zake yatasikiwa na meza tatu. Hilo linaniudhi kuliko yote. Mwanafunzi anayeona hukosolewa faraghani, na huyu anastahili faragha hiyohiyo.

Rangi nazo ziache. "Niliyotia njano yaondolewe, ya kijani yaongezewe maelezo, nyekundu tutaongea." Programu ya kusoma skrini inaweza kutaja rangi ikiamriwa, lakini mtu akiiamuru itaje kila badiliko la rangi na la fonti, atasikia habari za fonti kuliko habari za utafiti wake. Visanduku vya maandishi na mishale ya kuchora ni vibaya zaidi. Vinaelea juu ya ukurasa, sauti inapita chini yake kana kwamba havipo, na mwanafunzi hana namna ya kujua kwamba amevikosa.

Kuna wasimamizi ambao wameacha hayo yote na kuhamia katikati ya aya. Wanaandika palepale kwa herufi kubwa: HII SI KWELI. Jicho linaona herufi kubwa na kujua kwamba ni msimamizi anayefoka. Sikio halioni ukubwa wa herufi. Sauti inasoma kwa utulivu uleule: "Wakulima wa bonde hili walianza kumwagilia mashamba mapema hii si kweli kabla ya msimu wa mvua." Mwanafunzi atadhani ni kosa lake la kuandika, au hatalisikia kabisa, na sentensi yako itajalidiwa pamoja na tasnifu na kukaa maktaba ya chuo miaka mingi. Wajukuu zako wataikuta.

Sasa kaa kitako tufanye inavyotakiwa. Chagua maneno unayoyalenga, hayo tu. Kama kipanya chako kimechoka, weka kielekezi ndani ya neno na ubonyeze F8 mara mbili: neno linachaguliwa. Mara tatu, sentensi nzima. Mara nne, aya. Kitufe cha Esc kinakutoa katika hali hiyo ya kuchagua. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na M kwa pamoja, andika maoni yako, na katika matoleo ya karibuni ya Word bonyeza Ctrl na Enter ili yawekwe. Kazi yote ni hiyo, na haidai shahada ya pili.

Hayo ya kuchagua maneno ni muhimu kuliko unavyodhani. Programu ya kusoma skrini inajua maoni yanaanzia neno gani na kuishia neno gani. Ukichagua kurasa nne kwa ajili ya koma moja, mwanafunzi ataitafuta koma hiyo katika kurasa nne. Usipochagua kitu, Word itayafunga maoni kwenye neno lililo karibu na kielekezi, na neno hilo linaweza kuwa "na".

Kisha namna ya kuyaandika. Anza na kitenzi. "Futa aya hii, umeshayasema haya ukurasa wa 14." "Taja chanzo cha takwimu hii." "Eleza kwa nini ulichagua Mbeya ukaacha Iringa." Anayesoma kwa macho hutupa jicho kwenye maoni marefu na kuokota kiini chake popote kilipo. Anayesikiliza huyapokea kwa mpangilio ulivyoyaandika, neno baada ya neno, kwa hiyo ukimwanzishia na historia ya taaluma yako atangoja historia iishe ndipo ajue unataka nini. Tena hatangoja. Katika programu hizi kitufe cha Ctrl huinyamazisha sauti papo hapo. Ndiyo, Profesa, unanyamazishwa kwa kidole kimoja, kwa hiyo la maana litangulie.

Maoni mamoja yabebe jambo moja. Ukimrundikia mambo sita ndani ya maoni mamoja, atalazimika kuyarudia mara sita, kwa sababu hana ukingo wa kuweka alama ya vema penye lililokwisha. Na usimwelekeze kwa "rejea pale juu" au "kama upande wa kulia". Taja sura, kichwa kidogo, au namba ya ukurasa. Kwa vichwa vidogo anaweza kuruka mara moja, mradi viwe vimewekwa mtindo halisi wa vichwa badala ya kukolezwa wino tu.

Haya, zamu yako, ndugu mwanafunzi, na usidhani nitakubembeleza.

Nitazungumzia zaidi programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, kwa sababu inapatikana bure na kwa kuwa wengi wetu hatuna fedha za kununua leseni. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, kisha akaungana na James Teh, naye haoni. Walikuwa wamefahamiana tangu utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Kabla yake kulikuwa na JAWS ya Marekani, iliyoasisiwa na Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, enzi za DOS. Nayataja haya ili ujue kwamba vyombo unavyotumia vilibuniwa na watu walioihitaji kazi yake wao wenyewe. Ndiyo maana vina amri kwa karibu kila kitu, na ndiyo maana inafaa uzijue amri hizo kuliko fundi wa maabara ya kompyuta anayekuja kukusaidia kwa kukunyang'anya kibodi.

Kitufe cha NVDA ni Insert. Kwenye kompyuta ndogo za mapajani ambako Insert imefichwa kona isiyofikika, unaweza kuiambia NVDA itumie Caps Lock, na sanduku la kuchagulia hilo linakuja lenyewe inapowashwa mara ya kwanza. Kabla ya kufungua kazi iliyosahihishwa, bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Ctrl na D. Utaingia kwenye mipangilio ya jinsi waraka unavyosomwa. Hakikisha sehemu ya maoni na ile ya mabadiliko ya mhariri zimetiwa alama. Kama hazijatiwa, msimamizi ataandika, wewe utasoma, na mtaapiana kila mmoja akiwa mkweli.

Sauti nayo iwe ya Kiswahili kama tasnifu ni ya Kiswahili. NVDA inakuja na eSpeak NG, na ndani yake kuna sauti ya Kiswahili. Ni kavu, haina mahadhi, lakini silabi zetu inazitamka zote. Sauti ya Kiingereza ikipewa aya ya Kiswahili inaivuruga kiasi kwamba huwezi kugundua herufi iliyorukwa, na msimamizi ataigundua kwa ajili yako, kwa alama tatu za kuuliza. Mipangilio ya sauti inafunguka kwa kitufe cha NVDA, Ctrl na V. Kama unashuku kwamba maoni yametungwa kwa alama tupu, bonyeza kitufe cha NVDA na P kupandisha kiwango cha alama zinazotamkwa.

Sasa sikiliza maoni yote kabla ya kurekebisha hata moja. Bonyeza kitufe cha NVDA na F7. Itafunguka orodha ya vitu vilivyomo katika waraka. Chagua aina ya vidokezo vya wahariri, kisha shuka kwa mshale. Kila maoni yanasomwa, kwa kawaida pamoja na jina la aliyeyaandika. Ukibonyeza Enter unapelekwa moja kwa moja kwenye maneno yanayohusika. Orodha hii naithamini kuliko amri nyingine yoyote ya programu hii. Kwa dakika chache unajua kama umerudishiwa kazi ya jioni moja au ya muhula mzima, unajua yale yanayojirudia, na unaweza kuanza na yanayobadilisha muundo wa sura ndipo ushughulikie tahajia. Hakuna maana ya kusahihisha nukta katika aya ambayo maoni ya 27 yanasema ifutwe.

Ukiwa ndani ya maandishi yenyewe na sauti ikatangaza kwamba pana maoni, kitufe cha NVDA pamoja na Alt na C kitakusomea maoni ya mahali hapo bila kukuondoa ulipo. Ukipendelea kuruka, ingia hali ya kupekua kwa kitufe cha NVDA na kibonyezo cha nafasi, halafu herufi A itakupeleka kwenye dokezo linalofuata, na Shift na A kwenye lililopita. Rudia kitufe cha NVDA na nafasi unapotaka kuandika tena, la sivyo kila herufi utakayobonyeza itachukuliwa kuwa amri na utajikuta ukurasa usioujua. Wanaotumia JAWS wana orodha yao ya maoni: Ctrl, Shift na alama ya kibainishi.

Word yenyewe ina njia ambayo wengi hawaijui. Bonyeza Ctrl na G, shuka kwenye orodha ya aina za mahali mpaka maoni, kisha andika jina la mtoa maoni. Kama una wasimamizi wawili wasiopatana, na wapo wengi, utaweza kumfuata mmoja hadi mwisho ndipo umrudie wa pili, badala ya kuchanganyikiwa katika ugomvi wao aya kwa aya.

Kujibu kunahitaji subira kidogo. Fungua paneli ya maoni kutoka kichupo cha Review, kinachofikiwa kwa Alt na R. F6 inakuhamisha kutoka eneo moja la dirisha hadi jingine; endelea kuibonyeza mpaka usikie umefika kwenye maoni. Mishale ya juu na chini inakupitisha, Tab inakuingiza kwenye sanduku la jibu, Ctrl na Enter inalituma. F6 tena inakurudisha kwenye maandishi. Kama umepotea na hujui ulipokuwa ukiandika, Shift na F5 hukurudisha mahali ulipofanya mabadiliko ya mwisho. Jibu kila maoni, hata kwa neno moja: "Nimefuta." "Nimeongeza, ukurasa wa 22." Usiyafute ya msimamizi wako. Yaache yaonekane yamejibiwa, ili siku atakapodai hukufanya alichokuagiza, ushahidi uwe na tarehe na jina.

Na maoni yakiwa hayaeleweki, uliza. "Shikamoo Profesa. Maoni yako ya ukurasa wa 9 yana alama tu, hayasikiki kwangu. Naomba uyaandike kwa maneno, nami nitayafanyia kazi leo." Ni ombi la adabu, na nyuma yake kuna haki. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vya ulemavu wake, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huohuo. Sikushauri uanze barua kwa kutaja ibara. Nakushauri ujue kwamba ipo unapoandika "naomba".

Mkifanya kazi kwenye Google Docs, amri ya kuweka maoni ni ileile, Ctrl, Alt na M. Washa kwanza uwezo wa programu za kusoma skrini kwa Ctrl, Alt na Z. Kisha shikilia Ctrl na Alt, bonyeza N halafu C kwenda kwenye maoni yanayofuata. P halafu C kurudi kwa yaliyopita. Ukiwa ndani ya maoni, R ni kujibu, na E ni kuyafunga kuwa yamekwisha. Naipenda kwa kuwa mazungumzo yanakwenda palepale, na sipendi kwamba intaneti ikikatika mazungumzo nayo yanakatika. Wa LibreOffice watumie Ctrl, Alt na C kuweka maoni, Ctrl, Alt na Page Down au Page Up kuyapitia, na Esc kurudi kwenye maandishi.

Msimamizi, nakurudia mara moja tu. Ukitaka kubadilisha maneno ya mwanafunzi wewe mwenyewe, washa kwanza ufuatiliaji wa mabadiliko kwa Ctrl, Shift na E. Hapo kila neno uliloongeza au kufuta litatangazwa kwake kuwa limeongezwa au limefutwa, na ataamua kulikubali au kulikataa. Ukibadilisha kimyakimya, umeandika tasnifu ya mtu, na mbele ya jopo ataulizwa maana ya sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Mwenye macho angeweza kuhisi ukurasa wake umebadilika sura. Huyu ameukariri kwa sikio, na hatausikiliza upya wote kwa sababu anakuamini.

Imebaki kuchapisha, ndugu mwanafunzi. Hifadhi kwanza nakala yenye maoni kwa jina lingine. Katika nakala ya pili, ingia kichupo cha Review, tafuta kufuta, na uchague kufuta maoni yote kwa mkupuo. Mabadiliko yaliyofuatiliwa nayo yakubali au uyakatae yote. Kisha fungua ile orodha ya kitufe cha NVDA na F7 mara ya mwisho na usikie kama iko tupu. Word ina tabia ya kuchapisha maoni pembeni ya ukurasa kama hayajaondolewa, na mwenye duka la kujalidi hatakuambia. Atajalidi nakala tano ngumu zenye "Hapa?" kila ukurasa, na atataka alipwe.